Sahihi ya Mzazi Mbele ya Muuguzi

Shavu langu la kulia lilikuwa limevimba mpaka jicho limebanwa, na muuguzi wa mapokezi katika kliniki ya meno alikuwa mama yangu mzazi. Ungedhani nimebahatika.

"Una miaka mingapi?" akaniuliza kupitia dirishani, uso mkavu.

"Mama, siku ninazaliwa si ulikuwepo?"

"Nijibu."

"Kumi na mitano."

"Basi mzazi aje asaini fomu mbele ya muuguzi. Bila hivyo jino haling'olewi."

Nikamwambia mzazi ndiye yeye. Akasema pale dirishani yeye ni muuguzi, na muuguzi hajishuhudii mwenyewe. Wenzake wanamwita Bi Kanuni, na jina limemkaa. Muuguzi mwingine alikuwa likizo. Siku ya tatu hiyo sijala. Nilitamani kumng'ata, ila meno yenyewe ndiyo hayo.

Akavua koti jeupe, akazunguka nje, akapanga foleni nyuma ya watu wanane. Foleni haikusogea hata hatua moja, maana dirishani hapakuwa na mtu.

"Huyu muuguzi kaenda wapi?" akauliza bibi mmoja.

"Wana dharau sana hawa," mama akamjibu, na alimaanisha.

Baada ya nusu saa nikamkumbusha kwamba muuguzi ni yeye. Akarudi ndani, akavaa koti, akawahudumia wote wanane, akavua koti, akatoka, akajaza fomu, akasaini, akarudi, akavaa koti, akaikagua sahihi. Akasema haifanani na ya kwenye kitambulisho. Akatoka kuirudia.

Hatimaye nikakaa kwenye kiti cha daktari. Daktari akaisoma fomu. "Mzazi ameandika jino la kushoto."

"Ni la kulia," nikasema.

"Kushoto," mama akasema kutoka mlangoni. "Nimeliona kwa macho yangu."

Aliliona tukiwa tumetazamana, kulia kwangu kukawa kushoto kwake. Muuguzi angelijua hilo, lakini aliyeandika alikuwa mzazi.

Hapo nikalia, kwa hasira tupu. "Tangu asubuhi unajiuliza na kujijibu mwenyewe. Mimi hujaniuliza hata mara moja, na mdomo ni wangu."

Mama akaichukua fomu, na yeye ambaye hajawahi kuandika nje ya kisanduku, akachora mstari mpya chini ya sahihi yake. Akanipa kalamu.

"Andika ni jino gani, mwanangu," akasema. "Kisha usaini, kama unakubali."

Akasubiri mpaka nikamaliza.