Jiko la Rabi Masudi

Mume wangu, Rabi Masudi, aliongoza sinagogi letu la Wayahudi waliotoka Marakesh, hapa mjini Dimona, Israeli, mpaka alipokufa. Siku za sikukuu sheria yetu inaturuhusu kupika, mradi moto uchukuliwe kwenye mshumaa uliokwisha kuwaka. Kuuzima ndiko kunakogombaniwa. Masudi alifunga gesi kwa mkono wake, mbele ya watu. "Siuzimi," alisema, "naunyima chakula tu, unakufa wenyewe." Mtaa mzima ulimfuata, na hakuna radi iliyotupiga.

Mwanangu Nissim alioa kule mji wa Bnei Brak, kwenye ukoo wenye masharti ya dini chungu nzima, akaacha kuniletea wajukuu. Mwaka huu akakubali waje kwa Mwaka Mpya, siku zote mbili. Nilitaka kitu kimoja tu: niwaone wakila mezani pangu.

Siku ya kwanza, mchana, kuskusi yangu ya mboga saba ilianza kushika chini. Nikafunga gesi. Nissim ndiyo kwanza anaingia kutoka kusali.

"Mama, umezima?"

"Nimezima. Ulitaka tule mkaa?"

"Basi chakula hiki hatuwezi kukila. Umekiokoa kwa kuvunja sheria."

"Chakula hiki hiki ndicho kilichokuza hilo tumbo, baba."

Hakucheka. Mkewe, Gitel, akawakatia watoto mkate na matango. Mdogo alisogea kunusa sufuria, akavutwa mkono. Nilijifanya natafuta chumvi ili wasinione nikilia.

Baadaye nikajishusha, nikamwuliza Nissim hao wanaojua sheria hufanyaje.

"Wapo wanaojaza birika la chai pomoni," akasema. "Maji yakichemka yanafurika, yanauzima moto, ndipo wanafunga gesi."

Siku ya pili nikapika upya, nyama ya kondoo na plamu kavu. Ilipoiva nikajaza birika, nikaliteleka mahali pa sufuria, nikasimama nalo mpaka maji yakafurika. Moto ukafa, nikafunga gesi, sakafu ikalowa, kidole kikaungua, nami nikamwita mwanangu kwa furaha ya kitoto.

"Nissim! Njoo uone! Moto sikuugusa!"

"Mama, nilisema wapo. Baba mkwe haruhusu njia hiyo. Sisi tunauacha uwake."

"Si ungesema jana?"

"Hukuuliza kuhusu sisi."

Wakala mkate na matango tena. Hapo nilikata tamaa kabisa. Nikilitimiza sharti hili, lipo lingine nyuma yake, na nyuma ya hilo lingine, na wajukuu wangu wamekaa huko mwisho nisikofika.

"Na baba yako?" nikamwuliza. "Maisha yake yote alikuwa mkosaji?"

"Baba alikuwa mtu mwema," akajibu taratibu. "Hakuwa na mtu wa kumfundisha."

Masudi! Masudi aliyempakata akamfundisha kusoma, akimshika kidole juu ya kila herufi. Nilitaka kumzaba kofi. Nikaondoa sahani.

Sikukuu ilipotoka wakafunga mizigo. Mlangoni Nissim akanibusu mkono, akaniomba jambo moja kwa upole: nisiwahadithie watoto habari za babu yao na jiko, wasije wakaiga. Nikakubali. Ningefanya nini? Sina mtoto mwingine.

Nyama niliimwaga yote. Wiki mbili baadaye, Sikukuu ya Vibanda ilipofika, sikuwasha jiko. Nilikula mkate na zeituni peke yangu, na hakuna aliyekuja kuniuliza kama nilizima au niliacha.