Ng'ombe Wanne wa Mkono wa Mageni

Kama kuna jambo Mbuke hakuliweza maishani, ni kunyamaza. Na safari hii alikuwa na haki. Mwanawe Mageni, mtoto wa miaka saba, alikwenda kuokota kuni nyuma ya kifusi cha mgodi, huko upande wa Geita, akaona kidude cha shaba kinang'aa, akakichokonoa kwa mwiba. Kumbe ni fataki, ile ya kulipulia mwamba, iliyosahauliwa na wenyewe. Mkono wa kulia ukabaki na kidole gumba na kipande cha kidole cha pili. Watu wa mgodi wakamfunga bendeji, wakatoa pole na mkebe wa maziwa, wakaona yamekwisha.

Hayakuisha. Kila alipomwona mtoto akijaribu kushika mchi, Mbuke alijiuliza yale yale. Msichana asiyeweza jembe wala mchi, nani atamwoa? Mama yake akifa atakula nini? Alitaka ng'ombe, basi. Ng'ombe wa Mageni mwenyewe, wazaliane, wamtunze mpaka uzeeni. Hakutaka zaidi ya hapo, na mimi sioni kama alitaka makubwa.

Alikwenda ofisi ya mgodi mara tatu. Mara ya tatu karani Onesmo, kijana wa watu asiye na roho mbaya, akamweleza ukweli.

"Mama, fidia ya mtoto hupokewa na baba yake. Ndivyo kitabu kinavyosema. Baba yake yuko wapi?"

"Mtoto ni wa baba yangu, Mzee Luhende."

"Huyo ni babu, mama. Kitabu hakina babu."

Mbuke hakuwa amesema uongo. Makoye, aliyemzalisha, hakuwahi kutoa hata mbuzi. Alipoona tumbo limejitokeza alikwenda zake Buseresere kushona nguo kwenye baraza ya duka la Mhindi. Na kwetu, mtoto ambaye mama yake hakutolewa mahari ni wa kwao mama. Analelewa pale, anaozwa pale, na mahari yake inaingia zizi la pale. Baba akimtaka, alete ng'ombe wa kumkombolea. Kitabu cha Wazungu hakikuwa na habari hizo. Kilitaka mwanamume wa kutia sahihi.

Mzee Luhende alimkataza binti yake. "Mtu huyo aliondoka hapa bila kuaga. Unamfuata wa nini?" Mbuke hakusikia la mtu. Akafunga michembe yake, vile viazi vikavu vya safarini, akatembea siku mbili mpaka Buseresere.

Alimkuta kwenye cherehani, amenenepa kidogo. Matusi alikuwa ameyapanga njia nzima. Lakini Makoye aliposikia habari ya mkono aliacha kushona, akajifunika uso kwa kitambaa cha watu, akalia mbele ya wateja. Mkewe Generosa akatoka na maji ya kunywa. Walikuwa na miaka sita ya ndoa na hawakujaliwa hata mtoto mmoja. Generosa aliuliza mengi: mtoto ana kimo gani, anapenda kula nini, ana aibu au ni mcheshi. Mbuke akajibu yote. Akaona wameguswa, akawashukuru. Maskini, aliwashukuru.

"Nitakuja, Mama Mageni," Makoye alisema. "Nami nitanunua ng'ombe, kama unavyotaka."

Alikuja kweli. Ofisini, mbele ya bwana mkubwa na mbele ya ng'wanangwa, yaani mkuu wa kijiji aliyeitwa kuwa shahidi, Mbuke aliulizwa kama huyu ndiye baba wa mtoto. Akajibu kwa sauti ya kusikika hadi nje.

"Ndiye. Hana baba mwingine."

Makoye akatia sahihi, akapokea shilingi mia nne, akapanda baiskeli yake kwenda mnadani.

Siku ya tatu ng'ombe wanne wakaingia kwa Mzee Luhende, wote majike. Mbuke akapiga vigelegele. Alimshika Mageni mkono ule mzima, akampitisha katikati yao: huyu wako, huyu wako, na huyu naye wako. Mtoto akacheka. Tangu fataki ilipolipuka hakuwa amecheka.

Lakini Makoye hakuja peke yake. Alikuja na wazee wawili wa ukoo wake, na ng'wanangwa. Wakakaa na Mzee Luhende karibu na zizi, wakataja rangi ya kila ng'ombe, mmoja mmoja, bila haraka. Mbuke alikuwa jikoni anawasongea ugali. Alipowapelekea maji ya kunawa ndipo alipomsikia mzee mmoja akisema, "Basi mtoto amekombolewa. Tutaondoka naye leo."

Mbuke akaweka bakuli la maji chini.

"Ng'ombe hawa ni wa mkono wa Mageni," alisema. "Ni fidia yake. Makoye, tulizungumza."

Makoye hakumtazama. "Nitamtunza, Mama Mageni. Generosa ameshamtandikia kitanda."

"Aliyepewa fidia ni baba," ng'wanangwa alisema taratibu, "na baba hutoa mali yake anapotaka. Ulisema mwenyewe kule ofisini, Mbuke, nami nilikuwapo. Hana baba mwingine."

Mbuke akamgeukia baba yake. Mzee Luhende alikuwa ameshashika kamba ya ng'ombe wa kwanza. Alikuwa na vijana wawili waliokaa bila kuoa kwa kukosa mahari, na kila mtu alijua.

"Nilikukataza," mzee alisema. "Sasa mtu ameleta ng'ombe mbele ya mashahidi. Nimwambie nini?"

Nikimfikiria mzee yule nashindwa kumlaumu sana. Ila namlaumu.

Mageni alivalishwa gauni jipya lililoshonwa na baba yake, likampwaya. Hakulia, alidhani wanakwenda kutembea. Wakampakia nyuma ya baiskeli, Makoye akaikokota mpaka njiani, na Mbuke akafuata ubavuni.

"Hawezi kufunga vifungo, mfungieni."

"Nimesikia."

"Msimpe maji ya moto ashike. Mkono ule hausikii, ataungua."

"Nimesikia," Makoye alisema, naye alikuwa akilia.

"Akiweweseka ataita mayu. Msimgombeze. Ndivyo anavyoniita."

"Nimesikia, Mama Mageni."

Wakafika barabara kuu. Mbuke alikuwa amekishika kiti cha baiskeli, akitafuta jambo jingine la kuagiza, maana alijua kuwa maadamu anaagiza hawataondoka. Akatafuta sana. Mtoto aligeuka, akamtazama, akasogea mbele kidogo ili ampe mama yake nafasi ya kukaa.

"Mayu," aliuliza, "mbona hupandi?"

Mbuke akaachia kiti.