Ijumaa ya Kutaja Hasara

Haya ni kweli kuanzia herufi ya kwanza, na asiyeamini aende Brandon, jimbo la Manitoba, Kanada, akaulize. Msimu huo baridi ilikuwa kali kiasi kwamba kahawa ikimwagwa mlangoni ilifika chini ikiwa kokoto. Hilo nalo ni kweli.

Orville Penner, dereva mstaafu wa treni za nafaka, alikuwa mkongwe wa kikundi cha mtandaoni cha wanunuzi wa hisa, watu sitini na mmoja. Kikundi kilikuwa na adabu zake. Humwulizi mwenzio ana pesa kiasi gani. Ukisema umenunua, unataja bei na saa. Na kila Ijumaa, kabla soko halijafungwa saa tisa alasiri, kila mtu hutaja alichopata na alichopoteza wiki hiyo. Zamu ya Orville ilisubiriwa kwa hamu, maana hata hasara zake zilikuwa na utamu. Wasichojua ni kwamba alikuwa ameacha kununua miaka saba nyuma, siku kidole chake kilipokataa kubonyeza kitufe cha kununua. Amebaki kusimulia tu.

Ijumaa ile aliandika: "Jana saa nne na dakika arobaini asubuhi nimechukua Loon Bluff, wale wachimba shaba, kwa senti arobaini na mbili. Leo wako sitini. Hasara yangu wiki hii ni usingizi."

Verna Thiessen, mjane anayeendesha basi la shule, akajibu upesi. "Mzee Orville, kombaini ya kuvunia ya marehemu imeuzwa, pesa zimeingia leo. Naziweka zote huko kabla ya saa tisa. Nakufuata wewe."

Orville hajajibu, Garth Lysenko, fundi umeme, akaingia. "Samahani mzee. Jana saa hiyo soko lilikuwa limeisimamisha Loon Bluff, likisubiri tangazo la kampuni. Kuanzia saa nne hadi saa sita hakuna aliyenunua wala kuuza. Wewe ulinunua kwa nani, kwa shetani?"

Kikundi kikawaka.

"Garth, adabu. Mzee haulizwi risiti," mmoja akaandika.

"Sijauliza risiti, nimeuliza saa. Tunataja saa ya nini kama haiangaliwi?"

"Wewe ulikuwa kwenye nepi yeye akisoma bei gazetini," akadakia mwingine.

"Labda bado anasoma gazeti lile lile," Garth akajibu.

Verna akaingia kati. "Mwacheni mzee wangu. Nani humu hajawahi kukosea saa?"

Huo ulikuwa mlango wa kutokea, na aliyeufungua ni mtu mwema. Orville akapita. "Ni saa tatu na arobaini," akaandika. "Macho ya uzee."

Garth akaomba radhi mbele ya wote, kama desturi inavyotaka. Msimamizi wa kikundi akafunga mjadala. Saa tisa kasoro dakika kumi na nne Verna akaandika: "Nimeegesha basi. Naweka oda."

Supu ya Orville ilikuwa imepoa mezani. Miaka yote watu walimsikiliza, wakacheka, wakaenda zao; hakuna aliyewahi kumfuata na mali mkononi. Akapiga picha ukurasa wa akaunti yake, mzima, bila kukata pembeni, akaubandika. Hisa: hakuna. Muamala wa mwisho: miaka saba iliyopita. Chini yake akaandika: "Verna, usinunue. Sikununua jana wala mwaka jana. Garth hakukosea."

Verna akaandika: "Nimeiona. Sijabonyeza."

Msimamizi akasema, "Mzee, sheria unaijua. Uliiandika wewe." Anayetaja ununuzi ambao hakuufanya huruhusiwa kusoma tu mwaka mzima, bila kuandika.

"Funga," Orville akajibu.

Verna akauliza: "Mzee, katika zile zote ulizotusimulia, ipo hata moja uliyonunua kweli?"

Ilikuwepo. Hisa za reli, alipostaafu, faida dola kumi na nne. Aliandika hivyo hivyo, bila kuongeza hata senti, akabonyeza kutuma. Akabonyeza tena. Kisanduku chake cha kuandikia kilikuwa kimeshafungwa.