Vazi la Kulwa

Kulwa alikufa Jumanne, saa saba na dakika ishirini mchana, kwenye njia ya mchanga aliyokuwa akiizunguka kila siku, na Editha alijua kwa nini.

Kulwa alikuwa farasi. Yeye na mwenzake Doto hawakuwa mapacha wa kweli. Walizaliwa wiki moja, kwa mama wawili tofauti, katika shamba la mkonge lililokuwa njia ya kwenda Kingolwira, na Mzee Bonifasi aliyewapokea duniani ndiye aliyewapa majina hayo ya mapacha. Mwenye shamba alipouza kila kitu na kurudi kwao Ulaya, farasi wakabaki na Bonifasi na Bonifasi akabaki na farasi. Baadaye ukaja mradi, ukakodi mabanda na uwanja, ukawachukua wote watatu.

Mradi ulikuwa wa mavazi ya kupoza mwili. Kitambaa chake kilikuwa na tabaka tatu, la katikati likinyonya maji kama sifongo. Unakilowesha, unakikamua kidogo, unamvisha mnyama au unakivaa mwenyewe kama kizibao. Jua na upepo vinayakausha yale maji, na joto la mwili linaondoka nayo. Wageni walipokuja, Editha aliwaambia wafikirie mtungi uliowekwa kivulini, unavyotoka jasho kwa nje huku maji ya ndani yakizidi kuwa baridi. Vizibao vilikusudiwa wakulima wa mpunga wa Dakawa na watu wengine wanaoshinda juani. Mavazi makubwa yalikuwa ya farasi na punda. Sharti lilikuwa moja tu: maji. Kitambaa hicho kikiwa kikavu ni blanketi, na kumfunga farasi blanketi na kumtembeza kwenye jua la Novemba ni kumpika.

Kazi ya Editha ilikuwa kupima. Alikuwa mtaalamu wa maabara, mwanamke wa miaka thelathini na nne kutoka Karagwe, mtu wa kuhakikisha mambo mara mbili, na watu walimjua hivyo. Kila siku saa sita na nusu aliyapima mavazi yakiwa yamelowa. Bonifasi aliwatembeza farasi mizunguko sita, naye Editha akiwafuata nyuma amevaa kizibao, kisha aliyapima tena kuona maji kiasi gani yameondoka.

Jumanne ile maji ya bomba yalikatika tangu asubuhi. Zilibaki ndoo mbili. Ya kwanza ililowesha vazi la Doto. Ya pili Editha aliitazama kidogo, kisha akachovya kizibao chake mwenyewe, maana joto lilikuwa limefika nyuzi thelathini na sita na kichwa kilikuwa kinamgonga. Kizibao kilikunywa zaidi ya alivyodhani. Maji yaliyobaki aliyapakaza kwa viganja juu ya vazi la Kulwa mpaka likaonekana limelowa kwa nje. Hakulipandisha kwenye mizani. Aliandika kilo nane, kama jana yake. Ripoti ilikuwa inatakiwa Ijumaa, na Daktari Nassoro, mkuu wa mradi, aliyekuwa Dodoma kikazi, alikwisha kusema hataki siku yenye pengo.

Katika mzunguko wa tano Kulwa alianza kuyumba. Editha alimpima: nyuzi arobaini na mbili. Bonifasi alikuwa anafungua mikanda Kulwa alipopiga magoti, na kabla hajaimaliza farasi alikwisha lala ubavu. Editha alisimama pembeni yake ndani ya kizibao chenye ubaridi mzuri mgongoni, na alilolikumbuka zaidi siku zote zilizofuata ni ule ubaridi.

Daktari wa mifugo alisema ni moyo, pengine umri. Trekta likachimba kaburi nyuma ya banda. Hakuna aliyeuliza habari za vazi. Editha alilifua kwa mikono yake, akalisuuza, akalifua tena.

Juma lililofuata Daktari Nassoro alipiga simu. Doto apumzishwe kwanza, alisema, lakini kazi isisimame. Seremala alikuwa ametengeneza fremu ya mbao yenye mgongo na miguu minne. Wavike vazi la Kulwa hapo, walilinganishe na takwimu za farasi hai.

"Juu ya mbao litapoteza kama nusu kilo kwa saa," alisema. "Hutakuwa na kazi kubwa."

Jumatatu Editha alililowesha vazi sawasawa, akalipima, akalivika fremu uwanjani, akarudi baada ya saa moja. Lilikuwa limepungua kilo moja na gramu mia nane. Kiasi hicho alikijua. Ndicho alichokuwa akipoteza Kulwa.

Aliijaribu mizani kwa paketi za sukari za jikoni. Mizani ilikuwa nzima. Akaligeuza vazi, na upande wa ndani, pale mgongo na mbavu zinapogusa, akakuta mistari myeupe iliyochongoka kama ramani. Alipitisha kidole akakionja kabla hajajizuia. Ilikuwa chumvi. Jasho la farasi huacha chumvi ya namna hiyo, na vazi lile lilikuwa halijamgusa farasi tangu alipolifua.

Jumanne aliihamishia fremu kivulini, chini ya paa la banda, akaweka na kipimajoto chini ya kitambaa. Mbao zilizofunikwa kwa nguo iliyolowa zinapaswa kuwa baridi kuliko hewa. Kipimajoto kilisoma thelathini na tisa. Editha alikitikisa, akakirudisha, akangoja. Kilisoma thelathini na tisa na nusu.

Akaingiza mkono mwenyewe.

Ilikuwa saa saba kasoro, jua limesimama wima, kuku wa jirani wamelala vumbini, na juu kule Uluguru mawingu yamekaa kwenye vilele bila kusogea. Chini ya kitambaa kulikuwa na joto la kitu chenye damu. Kisha lile joto likasukuma kiganja chake taratibu, likarudi ndani, likasukuma tena, kama ubavu wa mnyama anayehema kwa shida. Editha alitoa mkono. Alikwenda akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameushika mkono ule kwa mwingine, mpaka saa ilipoisha.

"Fremu imeshika jua," Daktari Nassoro alisema kwenye simu.

"Iko kivulini, Daktari."

"Basi kipimajoto kimeharibika. Badilisha."

Jumatano alibadilisha. Kipya kilianza na arobaini. Saa hiyohiyo akamsikia Bonifasi anamwita kutoka banda la pili, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumshtua mgonjwa.

Doto alikuwa amesimama katikati ya banda, miguu ameitanua, kichwa kimeshuka. Mbavu zilikuwa zinakwenda mbio. Shingo yote ilikuwa imelowa, na povu jeupe lilikuwa limejikusanya mapajani. Bonifasi alikuwa anammwagia maji kwa kopo, bila haraka, kuanzia miguuni.

"Hajatoka humu tangu jana jioni," alisema. "Hajatembea hata hatua kumi. Sasa niambie, mwanangu, hili jasho ni la nani?"

Editha alimpima. Arobaini. Alitazama saa yake, akatazama upande ilipo fremu, ambayo Doto naye alikuwa ameielekea, masikio yote mawili mbele. Saa ile ya mavazi kupimwa ilipokwisha, joto la Doto lilishuka lenyewe, na jioni alikula majani kama kawaida.

Alhamisi Editha aliifungia fremu stoo, na vazi akalikunja kavu juu ya rafu. Saa saba mchana alifungua mlango wa stoo kuchukua sindano. Vazi lilikuwa juu ya fremu, linachuruzika maji. Hakuthubutu kulipima joto. Alikimbilia kwa Doto akampima yeye: arobaini na moja.

Hesabu yake haikuhitaji kalamu. Kesho ilikuwa Ijumaa, na Kulwa aliishia kwenye arobaini na mbili.

Ijumaa alifika kituoni kabla ya Bonifasi, akamngoja mlangoni pa banda. Mzee alikuja na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Siku ile Kulwa alipokufa, vazi lake halikuwa na maji," Editha alisema. Alikuwa amejipanga kueleza habari ya bomba na ya ripoti, lakini yote yakamtoka kichwani. "Yalikuwepo maji kidogo. Nililowesha kizibao changu kwanza. La kwake nikalipakaza juu tu. Nikaandika uzito ambao sikuupima."

Bonifasi alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Najua," alisema. "Nililifungua mimi. Ndani lilikuwa linakwaruza kama gunia."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Nani aliyemfunga kama si mimi? Nilipitisha mkono juu nikaona umajimaji, nikatosheka. Miaka kumi na minne nimewafunga wale farasi, na siku ile nilishindwa kuingiza kidole kimoja ndani." Alifungua komeo la banda. "Nilikuwa nangoja nani kati yetu ataanza. Naona na Kulwa naye alikuwa anangoja."

Waliingia kumtazama Doto. Bado alikuwa salama, ila hakugusa maji.

"Kulwa alikuwa na tabia yake," Bonifasi alisema akiwa amemgeuzia Editha mgongo. "Tangu mdogo. Ukimkatisha njiani hatulii. Atapiga mlango kwato usiku kucha mpaka umtoe ukamalizie naye. Na siku ile hakumaliza."

Saa sita na nusu walilitoa vazi stoo. Bonifasi alilizamisha kwenye pipa lililojaa, akalibonyeza kwa mikono yote miwili mpaka mapovu yalipokoma kutoka. Hawakulikamua. Walilibeba mpaka pale Kulwa alipoangukia, wakalitandaza baina yao, mzee ameshika upindo wa kushoto na Editha wa kulia, usawa wa mgongo wa farasi. Doto alifunguliwa, akaja mwenyewe nyuma yao. Editha hakuvaa kizibao.

Hatua za kwanza vazi lilining'inia katikati kama shuka lenye maji linavyoning'inia, likimvuta mabega. Kisha likaacha kumvuta. Aliangalia mikono yake akidhani ameliachia, lakini vidole vilikuwa palepale. Kitambaa kilikuwa kimeinuka katikati, kimetuna, na kingo zake zimeshuka pande zote mbili kama zinavyoshuka mbavuni. Bonifasi naye alikuwa ameona. Midomo yake ilikuwa inatembea, na Editha alitambua maneno ya Salamu Maria.

"Usiende haraka," mzee alimwambia. "Kachoka."

Wakamalizia mzunguko wa tano, wakaanza wa sita. Jua lilikuwa kali kiasi cha kuufanya mchanga uonekane unacheza. Editha alijitahidi kutosikiliza kwato. Za Doto zilikuwa nyuma yake. Zile nyingine zilikuwa hapa, kando ya nyonga yake, mguu mmoja ukiburuta kidogo, na kila zilipokanyaga, mchanga ulilia kidogo bila kuacha alama. Joto lililopanda kutoka chini ya kitambaa lilimchoma mkono hadi kwenye kiwiko. Alitaka kuomba msamaha, lakini aliona ni upuuzi kumwomba farasi msamaha kwa maneno. Akasema tu, "Twende, mama. Bado kidogo." Ndivyo alivyozoea kumwambia.

Karibu na mti wa mwarobaini lile joto lilianza kupungua. Walipofika kwenye hori la maji, mwisho wa njia, upindo alioshika ulikuwa baridi kabisa, baridi ya kupendeza, na pumzi zilizokuwa zikisukuma kitambaa zilikuwa ndefu na za polepole. Walisimama. Maji ya horini yalitikisika upande mmoja. Kisha vazi likaanguka katikati yao kwa uzito wake wote, likawavuta wote wawili mbele, na lilikuwa nguo iliyolowa na si zaidi.

Doto alikuja akaingiza mdomo majini, akanywa kwa muda mrefu. Editha alimpima hapohapo. Thelathini na nane, joto la farasi mzima.

Alasiri alimpigia simu Daktari Nassoro akamweleza habari ya bomba, ndoo, kizibao na zile kilo nane. Habari ya fremu hakuigusa.

"Basi nipe namba halisi," Daktari alisema.

"Sina, Daktari. Sikuipima."

Editha aliondolewa kwenye mradi kabla ya mwisho wa mwezi, na hakubisha. Bila yeye na bila farasi wa kulinganisha, mradi uliamua kubaki na vizibao vya watu, na Bonifasi akaruhusiwa kuondoka na Doto kwenda kwao Mgeta, juu milimani, mahali ambako hata mchana wa Novemba mtu hutafuta sweta. Walipata lori lililoshusha kabichi mjini na lilikuwa linapanda tupu.

Editha alikwenda kuwaaga nje ya mji, pale njia ya mlimani inapoanzia. Doto alipanda ubao bila kusumbua, akaingia, na badala ya kusimama katikati ya bodi la lori lililokuwa tupu lote, akajisogeza mpaka ukutani, upande wa kulia, akatulia. Nafasi ya kushoto ikabaki kama ilivyo. Huenda ni mazoea tu. Walikuwa wamesafirishwa pamoja tangu wadogo.

"Msogeze katikati, Mzee, lori litaegemea," dereva alisema.

Bonifasi alimtazama Editha, kisha akafunga kamba pale pale Doto alipochagua. "Haliegemei," alijibu. "Washa gari."

Editha aliegemeza mkono wake kwenye ubao wa bodi mpaka lori lilipoanza kwenda. Hakuchungulia ndani. Lilipopotelea kwenye kona ya kwanza ya kupanda mlima, alikwenda kununua maji ya kunywa, akanywa nusu chupa amesimama juani, akatafuta gari la kurudi mjini.