Mikanda ya Wageni

Pale darajani, kusini ya Mkwaja, mikanda ya usalama ilikuwa kama zile sahani za kabatini: ya wageni. Fomani Godlisten aliifungia ndani ya kontena, ingali ndani ya mifuko yake ya nailoni, na haikutoka ila siku wanapokuja wakaguzi. Siku nyingine, aliyeulizia mkanda aliambiwa, "Wataka kufunga kibwebwe? Kwani unakwenda ngomani?" Watu wakacheka. Badru naye alicheka, akapanda hivyo hivyo.

Chiku, mdogo wake, alishika bendera nyekundu chini ya mashine ya kikapu, ile inayoinua mafundi juu, ili mtu asipite. Asubuhi moja kaka yake alikuwa juu kikapuni, anakaza nati za daraja. Maji yalipoanza kujaa, tope chini ya mashine likalainika, gurudumu moja likadidimia. Mkono mrefu wa mashine ukayumba, na kikapu kikammwaga Badru kama makapi. Aliangukia mgongo, juu ya kokoto.

"Usininyanyue, Chiku," alisema. "Miguu yaniwaka moto."

Chiku akamshukuru Mungu. Miguu inayowaka ni mizima.

Godlisten alikuja na mkanda mpya mkono huu, ufunguo wa gari mkono ule. "Mvike."

"Fomani, nakuomba, hospitali kwanza. Mgongo..."

"Gari haliondoki mpaka nipige picha. Akiwa na mkanda, uzembe ni wake, hakuufunga kikapuni. Akiwa hana, nafukuzwa mimi. Uweso, mnyanyue!"

Uweso, dereva wa mashine, bingwa wa kuchekesha watu kwa ule mzaha wa kibwebwe, alitazama pembeni, akamshika Badru mabega. Chiku akapitisha mkanda mapajani, akauzungusha mgongoni. Badru alipiga yowe hata ndege wakaruka mikokoni. Ndani ya mgongo kitu kikalia, kama muwa ukivunjwa.

Simu ikapiga picha.

"Vizuri. Sasa mvue."

"Nimvue tena?"

"Alhamisi tuna wageni. Huo usiloe damu huko njiani."

Wakamnyanyua tena. Chiku alifungua kifungo baada ya kifungo, taratibu. "Niwie radhi, kaka. Niwie radhi."

Badru hakupiga yowe. Alikuwa anaitazama miguu yake kama ya mtu mwingine.

"Chiku," aliuliza, "umeshaanza kunivua?"

Mkanda ulikuwa tayari mikononi mwa Godlisten, anaupangusa mchanga.