Hamira ya Kipara

Mtafiti alifanya kosa la kueleza kazi yake mezani, shemeji yake akiwapo.

"Ni mkasi," alisema, "ila tumeufanya butu. Unaitafuta jeni tunayoitaka, unaing'ang'ania bila kuikata. Tukitaka ilale, unaikalia. Tukitaka iamke, unaibebea cha kuiamsha."

Shemeji, mume wa dada yake, aliacha kutafuna. Kichwa chake kilikuwa kinang'aa tangu siku ya harusi. "Yaani iliyolala inaamka?"

"Ya hamira, shemeji. Tunataka inukie ndizi mbivu."

Hayo ya hamira yaliingilia sikio hili yakatokea lile. Kesho yake akazuka maabara, eti kamletea shemejiye chakula. Mtafiti alipokwenda kunawa mikono, mgeni alifungua kabati la joto, akaona chupa mbili: IMELALA na IMEAMSHWA. Hakuhitaji mkalimani.

Mtafiti alipokuta chupa ya IMEAMSHWA imetoweka, alimshuku mwenzake wa meza ya jirani, wakarushiana maneno yasiyoandikika. Jioni akaenda kwa dada yake kulia.

Alipokelewa na harufu mlangoni. Dada alikuwa kajishika kiuno. "Njoo umwone mwanasayansi wangu! Tangu alasiri nzi wanamwandama kama mgombea ubunge."

Shemeji alikuwa kajiviringisha taulo kichwani. "Shemeji, panawasha," alisema kinyonge. "Ndiyo nywele zinaota?"

"Anayeota ni wewe!"

Mtafiti alitaka kumrukia kooni. Badala yake akalivuta taulo, akainama, akanusa utosi wa mume wa mtu, pua juu ya ngozi. Ndizi mbivu, zile zilizokwisha kuingia madoa.

"Imeamka!" akapiga ukelele, akamkumbatia, kipara, nzi na yote.

"Mwenzenu nataka nywele," shemeji alinung'unika, "nyie mnashangilia matunda."

Mkuu wa maabara alipoelezwa alicheka hadi akavua miwani, kisha akasema kipara si kipimo, arudie. Akarudia, kabati likiwa na kufuli. Alipofungua chupa mpya, mwenzake wa meza ya jirani, aliyekuwa bado amenuna, aligeuka akauliza nani kaleta ndizi humu.

Mtafiti akamwomba radhi palepale, huku machozi ya furaha yakimlengalenga.