Komeo la Sinan

Ukimwona mtu wa Maskati anazima gari mwezi wa Julai kwa sababu tu anashuka kununua mkate, jua huyo ni mgeni wa jana. Wenyeji huliacha likiunguruma mlangoni mwa duka, kiyoyozi kikipuliza, na pengine mama na watoto wamo ndani, na wala hawana wasiwasi. Wizi wa magari ni haba. Lakini haba si hakuna, na juu ya hiyo haba Sinan alikuwa amejenga matumaini yake yote.

Alikuwa mhandisi wa umeme, miaka thelathini na sita, kichwa kizuri na masikio mazito. Yeye na rafiki yake Talal walikodi karakana ndogo huko Ghubra, na kwa miaka miwili walihangaika na chombo kimoja tu, wakakiita Komeo. Siku ya pili baada ya kisa hiki, saa nne asubuhi, walikuwa na miadi mtaa wa Ruwi na kampuni ya bima iliyotaka kukiona kikifanya kazi. Kampuni ikikikubali, Komeo lingefungwa kwenye maelfu ya magari. Isipokikubali, Sinan angerudi kuajiriwa, na mkwewe angepata la kusema kila Ijumaa.

Chombo chenyewe kilikuwa hivi. Mwenye gari anashuka na kadi yake mfukoni, injini inaendelea kuunguruma. Mtu mwingine akiingia na kutia gia, Komeo linamwacha aende hatua thelathini hivi, ajione kapata. Kisha injini inazimika, vioo havishuki, milango haifunguki kwa nje wala kwa ndani, na king'ora kinalia ndani na nje mpaka polisi waje. Kuzima injini kila fundi anaweza. Kumnasa mwizi mzimamzima, hilo lilikuwa la Sinan peke yake, na alilipenda kama mzazi anavyompenda mtoto mtukutu.

Siku hiyo ilikuwa ya kumi na tisa ya kulijaribu kwenye gari lake mwenyewe, na halijakosea hata mara moja. Alikuwa anamrudisha mama yake kutoka kwa daktari. Bi Muhsina, miaka sabini na moja, sukari na presha, alikaa kiti cha nyuma akiwa amenyoosha miguu yake iliyovimba. Mbele, pembeni ya Sinan, alikaa Nanyonga, msichana wa Kiganda aliyekuwa akimtunza bibi huyo mwaka wa pili sasa.

"Na huyo mwizi wako," aliuliza Bi Muhsina, "atakaa humo mpaka lini?"

"Mpaka polisi waje, mama."

"Na jua hili?"

"Kwani nani kamtuma? Mwache atoke jasho kidogo."

Bi Muhsina alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati akiwa kigori, na kwa mambo mengine alikuwa mcheshi sana. Kwa hili hakucheka. "Nnakwambia, Sinan, hata mwizi kazaliwa na mamake."

Sinan alimtazama kwenye kioo, akatabasamu kama mtu anayevumilia. Nanyonga alitazama njia. Alishazoea kunyamaza ndani ya gari lile.

Mbele ya duka la dawa hapakuwa na nafasi, kwa hiyo Sinan alisimama nyuma ya gari moja jeupe na kuliziba njia, kama afanyavyo kila mtu Ghubra. Simu aliiacha kwenye kishikio chake pale mbele. "Dakika mbili," alisema, akashuka na kadi mfukoni.

Dakika mbili za foleni ya dawa kila mtu anazijua. Mbele yake kulikuwa na mzee aliyetaka kuelezwa kila kidonge, na nyuma ya mzee mama mwenye watoto watatu wanaokohoa. Nje honi ilipigwa, ikapigwa tena. Sinan hakugeuka. Honi za Ghubra ukizisikiliza zote hutafanya kazi.

Ndipo king'ora kikalia.

Alikitambua palepale, maana mlio ule aliuchagua mwenyewe kati ya arobaini. Na jambo la kwanza lililomjia moyoni, Mungu amsamehe, lilikuwa furaha. Limenasa! Kesho atakuwa na kisa cha kweli cha kuwasimulia watu wa bima! Ndipo akakumbuka nani yumo ndani ya gari. Aliacha dawa kwenye kaunta na kukimbia.

Gari halikuwa pale alipoliacha. Lilikuwa mwisho wa safu, juani kabisa, limezimika, taa zote zinawaka na kuzima. Kwenye usukani alikuwa Nanyonga, anavuta mkono wa mlango kwa mikono yake miwili. Mwenye gari jeupe, bwana mmoja wa makamo aitwaye Aflah, alikuwa amesimama kando na mikate yake kwapani, haelewi kosa lake ni nini. Alikuwa amezibwa, akapiga honi, akamwomba binti kwa ishara ya mkono asogeze kidogo. Binti akahamia kwenye usukani, akasogeza vizuri tu, akaenda kulipanga gari penye nafasi.

Kumbe Nanyonga anaendesha gari! Kampala aliendesha teksi ya mjomba wake Ssenyonga miaka mitatu, na Sinan angelijua hilo siku yoyote kama angeuliza. Hakuuliza. Alikuwa amehesabu kila mkono unaoweza kushika usukani ule, mwizi wa kwanza na mwizi wa mwisho, lakini mikono iliyompikia chakula mwaka wa pili sasa haikumjia akilini.

Alivuta mlango. Akavuta mwingine. Akaitoa kadi na kuibandika kwenye kioo, hali akijua ni bure, maana yeye ndiye aliyeamua kwamba Komeo likishanasa, kadi haina kauli tena. Mwizi anaweza kumpora mtu kadi. Baada ya kunasa, njia ni moja tu, programu ya kwenye simu, nayo inataka uso wa mwenye gari.

Na simu imo ndani.

"Simu!" alipaza sauti, akajionyesha uso kwa kidole. "Nilenge uso!"

King'ora cha ndani kilikuwa kikali kiasi kwamba Nanyonga hakusikia neno, lakini alielewa kidole. Aliibandika simu kioo kwa kioo na uso wa Sinan. Simu ikamtazama kupitia ile karatasi nyeusi ya ulinzi aliyoibandika kwenye vioo vyote vya pembeni na vya nyuma, tabaka mbili, ikamkataa. Akavua kofia. Ikamkataa. Akafuta jasho, akatulia kama anayepigwa picha ya pasi. Mara ya tatu, kabla hajakumbuka kioo cha mbele, ikaandika maandishi mekundu ambayo yeye mwenyewe aliyatunga: Subiri dakika kumi na tano.

Kwenye kiti cha nyuma, Bi Muhsina alikuwa ameketi wima, mtandio umemteleza, kiganja chake kiko juu ya kioo. Midomo ilikuwa inachezacheza. Ama anasali, ama anamwita.

"Vunja kioo!" alisema Aflah kwa Kiarabu, na hakungoja jibu. Alitupa mikate, akatoa spana ya magurudumu kwenye gari lake, akapiga dirisha la upande wa pili, mbali na bibi. Kioo kikapasuka vipande elfu na vyote vikabaki palepale, vimeshikwa na ile karatasi. Akapiga tena, kikabonyea kidogo kama godoro. Mtu akasema ameshawaita watu wa uokozi, wanakuja, dakika kumi wakiwahi. Mwingine akasema ndani ya gari lililozimwa jua hili, dakika kumi ni nyingi kwa mtu mzima wa afya, sembuse bibi.

Watu walikuwa wameshajaa. Wafanyakazi wa duka la vitambaa, wateja wa mkahawa, wapita njia. Kila mmoja simu juu.

Na hapa tusimfiche Sinan. Njia nyingine ilikuwepo, naye aliijua tangu alipotoka dukani. Chini ya kiti cha nyuma, ukiinua mto wake, kulikuwa na plagi nyeupe. Ukiichomoa, Komeo lote linakufa na milango inafunguka. Aliiweka ili yeye mwenyewe asinasike akiwa karakanani, na mahali pake ndipo palipokuwa roho ya chombo chote, kwa sababu mwizi akijua ilipo, hana haja ya kuogopa. Hakumwambia hata Talal. Talal alimbembeleza wiki nzima, akakataa. Kesho kampuni ya bima ingelipia siri ile zaidi ya kitu kingine chochote.

Kwa hiyo alijaribu kadi kwanza. Akajaribu uso mara tatu. Akamwachia Aflah kioo. Akatazama zile simu zilizoinuliwa, na akajiambia kwamba spana itafaulu, pigo moja tena, moja tu. Dakika sita zikapita hivyo, na katika dakika hizo sita siri ilikuwa inapimwa mzani mmoja na mama yake mzazi.

Kiganja cha Bi Muhsina kikaanza kuteleza kwenye kioo, polepole, kikaacha alama ya jasho. Kichwa chake kikalala begani. Nanyonga alipanda kati ya viti, akamfungua vifungo vya shingoni, akampepea kwa karatasi za daktari. Kisha akageuka kumtazama Sinan dirishani, na macho yake hayakuwa ya kuomba tena. Yalikuwa yanamuuliza.

Sinan alipiga kelele, "Inua kiti! Chini ya kiti!" King'ora kikaimeza sauti yake. Akaonyesha kwa mikono, Nanyonga akatikisa kichwa, haelewi. Basi alirudi mbio duka la dawa, akanyakua boksi tupu kaunta, akampokonya muuza dawa kalamu yake nene, na kuandika huku akikimbia. Alilibandika boksi kwenye kioo cha mbele ambako hakuna ile karatasi nyeusi, herufi kubwa kama za tangazo, na simu zote za Ghubra zikalisoma pamoja na Nanyonga:

INUA KITI CHA NYUMA. CHOMOA PLAGI NYEUPE.

Nanyonga hakusoma mara mbili. Alimbeba bibi kifuani, akamlaza upande mmoja, akaung'oa mto wa kiti kwa mkono mmoja na kuingiza mwingine ndani. Hakupapasa. Mkono ulikwenda moja kwa moja.

King'ora kilikatika katikati ya mlio. Milango minne ikalia ta!

Walimlaza Bi Muhsina kwenye sakafu ya duka la dawa, chini ya kiyoyozi. Muuza dawa alimpima presha. Aflah alileta barafu kutoka mkahawani, ndoo nzima, akaomba radhi kwa kila aliyemtazama. Nanyonga alimfunga bibi vitambaa vya maji shingoni na kwapani, nguo yake mwenyewe imemganda mgongoni. Sinan alipiga magoti, ameshika mguu wa mama yake kwa kuwa ndio uliokuwa karibu, analia waziwazi mbele ya watu.

"Anapumua vizuri," Nanyonga alimwambia. "Ambulance inakuja. Atulie tu, na wewe utulie, boss."

"Ulijuaje plagi iko wapi hasa?" alimuuliza. Sijui kwa nini aliuliza hilo kabla ya kusema ahsante. Mtu ni mtu.

"Hiyo plagi naijua. Kila Ijumaa nikisafisha gari naiona." Alikamua kitambaa ndani ya ndoo. "Sikujua tu kazi yake. Ungeniandikia mapema."

Alilisema bila ukali.

Bi Muhsina alifumbua macho kabla gari la wagonjwa halijafika. Aliomba maji, akapewa kidogo kidogo. Alimtafuta Nanyonga kwanza, akampapasa shavu, kisha akamwona mwanawe.

"Sinan."

"Labeka, mama. Nisamehe. Wallahi nisamehe."

"Mie nlipata wa kuniandikia," alisema, sauti imekauka. "Yule mwizi wako nani angemwandikia?"

Sinan alijua jibu, na kila aliyekuwa ndani ya duka lile alilijua pia.

Simu yake ililetwa kutoka garini, inaita. Alikuwa Talal, yuko Ruwi, anahema kama aliyepanda ngazi. "Picha ya boksi imeshanifikia mara tatu! Watu wa bima wataiona, lakini usiku mzima ni wetu, bado tunaweza. Tunaihamisha ile plagi, tunaiweka pengine, wewe niambie wapi tu."

"Hatuihamishi," Sinan alisema. Mkono wake mwingine ulikuwa bado umeshika mguu wa mama yake. "Tunaliondoa lile la milango. Injini izimike, na mlango ufunguke kwa ndani."

"Una wazimu? Mwizi atakimbia!"

"Na akimbie," Sinan alisema. "Gari litabaki."